Kikongwe na Bi Harusi

Kri. Kri.

Sauti hiyo ndogo ilitoka kwenye kona ya jikoni, gizani. Ikanyamaza, kisha ikarudi. Umeme ulikuwa umekatika tangu jua lilipozama, na Mama Kifungo alikuwa amesimama katikati ya chumba na mshumaa mkononi, akitafuta kiberiti ambacho kilikuwa mfukoni mwake mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa siku ile: mwili nyumbani, roho juujuu kama unyoya.

"Kifungo, unafanya nini huko?"

"Najipima."

"Unajipimaje na giza lote hili?"

"Mizani inaniambia. Inasema kri."

Ilikuwa mizani kuukuu ya bapa, ya springi, yenye kutu ya chumvi pembezoni. Bibi yake mtoto, mzaa baba, ndiye aliyewapa baada ya kuipimia chaza kwa miaka kumi. Mtoto mwenyewe aliitwa Kifungo kwa sababu alizaliwa mdogo, wa mviringo, mtu wa kutia mfukoni. Tangu alipojifunza kusimama, mama yake alimpima juu ya mizani hiyo kila mwezi, akaandika kilo zake kwa penseli nyuma ya mlango wa jikoni. Alama thelathini na moja zilikuwa zimeupanda mlango kama safari ya sisimizi. Lakini wiki ile shangazi yake mtoto alikuwa ameleta mizani mpya, ya kioo, nyembamba kama sahani, yenye tarakimu nyekundu. Ile kuukuu ilisukumwa konani ikingoja siku ya taka.

Asubuhi ya siku ile mizani ya kioo ilikuwa imesema kilo kumi na tatu nukta tatu. Mlango, mwezi uliopita, ulisema kumi na nne nukta moja. Mtoto anayelamba mpaka sufuria, apungue karibu kilo nzima? Mama Kifungo alikwenda kazini na swali hilo, akarudi nalo.

Taa zikawaka ghafla. Kifungo alikuwa bado juu ya mizani, ameshika pindo za gauni kama bibi mdogo. Mama aliinama asome mshale. Kumi na nne nukta mbili.

Alimnyanyua mtoto, akavuka naye jikoni, akamsimamisha juu ya kioo. Kumi na tatu nukta tatu.

"Baba Kifungo," aliita, "njoo uone. Mwanao amepungua kilo kati ya kona na meza."

Mume wake, seremala, alikuja na vumbi la mbao nyusini. Alitazama huku, akatazama huko, akacheka. "Hiyo ya mama inadanganya, nilikwambia. Imezoea chaza, inapima na maganda."

"Inadanganya, sawa. Lakini kila mwezi inadanganya uongo ule ule. Nimeuzoea uongo wake. Kama ungeitupa juzi, leo ningekuwa hospitalini nabembeleza madaktari wamtibu mtoto mzima..."

Hakumaliza. Alikaa kwenye kigoda taratibu, uso umembadilika. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anamfikiria mtoto. Alikuwa anaufikiria mstari mwekundu uliokuwa juu ya meza yake kazini.

Mama Kifungo alikuwa ameanza kama mpiga chapa katika kitengo cha uangalizi wa bahari, ghorofa ya tatu, jengo ambalo lifti yake ilikuwa na hiari ya kufanya kazi. Miaka mitatu alisoma masomo ya jioni, hisabati na kompyuta, mtoto tumboni, kisha mtoto mgongoni, hadi wakampa meza ya ramani. Kazi yake ilikuwa ushonaji, ila wa namba. Setilaiti hupita juu ya bahari kila siku na kupima joto la uso wa maji. Setilaiti moja haiishi milele, kwa hiyo aliyoyaona mzee huunganishwa na anayoyaona mrithi wake, yawe mstari mmoja wa miaka mingi. Mstari wa ofisi yao ulikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Miaka ishirini na miwili ya mwanzo ilitoka kwa setilaiti ambayo ofisi nzima iliiita Kikongwe. Picha zake zilikuwa na ukungu, mikwaruzo, na madoa kama shati la mpaka rangi. Kisha akaja mpya, wakamwita Bi Harusi. Huyo alikuwa na macho makali. Kila mtu alisogea kwenye kioo cha kompyuta kumtazama siku ya kwanza. Na katika furaha hiyo Mama Kifungo mwenyewe aliandika barua ya kupendekeza kwamba Kikongwe asipokelewe tena, maana vyombo vya kuhifadhia vilikuwa vinajaa, na kwa nini mtu apokee mabaya akiwa na mazuri? Barua ilitiwa sahihi. Dishi la Kikongwe likashushwa paani siku ile ile ambayo Bi Harusi alianza kazi. Mmoja akatoka kwa mlango huu, mwingine akaingia kwa mlango ule, wasionane.

Sasa ilikuwa miezi kumi na minne baadaye, na mstari ulikuwa umeruka. Pale pale kwenye mshono. Joto la maji ya ghuba lilikuwa limepanda zaidi ya nusu digrii. Sheria ilikuwa wazi: likizidi nusu digrii juu ya wastani wa miaka yote, mashamba ya chaza yafungwe miaka mitano na wakulima wake wahamishwe, kwa kuwa chaza wa maji ya moto huugua na kumdhuru mlaji. Familia arobaini. Mmoja wa wakulima hao alikuwa mama mkwe wake, mwenye mizani ile.

Na kamati ya ghuba ilikuwa ikutane tarehe thelathini.

"Ngoja nielewe," Mkuu wa kitengo alisema kesho yake asubuhi. Alikuwa mtu wa kalamu nyekundu, aliyeizungusha vidoleni kila alipokosa subira. "Mizani ya jikoni kwako imeikosoa setilaiti?"

"Haikuikosoa setilaiti, Mkuu. Imenikosoa mimi. Mtoto wangu nilimpima kwa mizani mbili siku moja, ndiyo maana nikajua tofauti ni ya mizani, si ya mtoto. Bahari hatukuipima hivyo. Hakuna hata siku moja ambayo Kikongwe na Bi Harusi waliyatazama maji yale yale. Mruko huu ukiwa wa bahari, hatuwezi kujua. Ukiwa wa macho yao, pia hatuwezi kujua."

"Masomo ya jioni," Mkuu alisema, "yanafundisha kubishana kuliko ya mchana."

"Ya mchana yana nafasi ya kusinzia, Mkuu."

Karani mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mkuu aliiweka kalamu mezani. "Una mama mkwe huko ghubani."

"Ninaye."

"Kamati itauliza."

"Waulize. Ndiyo maana sitaki maneno yangu, nataka namba. Kikongwe bado anazunguka. Wenyewe wanamzima tarehe ishirini na nane. Leo ni tarehe tisa. Tulipandishe dishi lake tumpokee siku hizi zilizobaki, tumweke bega kwa bega na mwenzake."

"Na hizo siku zilizopita? Si waliomrusha wanazo?"

"Kikongwe hana ghala. Anachokiona anakimwaga papo hapo. Mwenye dishi akinge, asiye na dishi akose. Sisi tulikuwa tumeipindua ndoo."

Mkuu aliiokota kalamu yake. "Pandisheni," alisema. "Lakini nikifika tarehe thelathini sina jibu, ramani itakwenda kamatini kama ilivyo. Nyekundu."

Mama Kifungo alishuka ngazi mbili mbili. Stoo ilikuwa chini kabisa, na mwenye ufunguo alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyeitwa Fundi Dishi. Dishi la Kikongwe lilikuwa limelala chali nyuma ya makopo ya rangi. Ndani yake mtu alikuwa amehifadhi matambara.

"Dada," Fundi Dishi alisema, "ulinishushia dishi kwa barua. Sasa unataka nilipandishe kwa machozi?"

"Sijalia bado, kaka."

"Basi nenda ukalie juu huko, mimi nitafute boliti. Ziko kumi na mbili. Ninazoziona ni tisa."

Boliti tatu ziligharimu siku mbili nzima. Siku ya tatu dishi lilikaa paani, likageuzwa polepole huku Mama Kifungo akiita namba kutoka dirishani, na saa nne asubuhi, kwa dakika kumi na moja tu, Kikongwe akapita. Picha ilijichora mstari kwa mstari. Ukungu, mikwaruzo, madoa. Mama Kifungo aliipokea kama barua ya ndugu aliyegombana naye.

Lakini ghuba yote ilikuwa nyeupe. Mawingu.

Kesho yake mawingu. Keshokutwa mawingu. Setilaiti hizo hazipenyi wingu. Penye wingu hupima wingu. Ili namba moja ipatikane, ilibidi pawe peupe Kikongwe anapopita saa nne, na pawe peupe tena Bi Harusi anapopita saa nane mchana, mahali pale pale, siku ile ile. Tarehe kumi na tano palikuwa peupe asubuhi, mchana pakafunga. Tarehe kumi na sita kinyume chake. Mama Kifungo aliacha kukaa kitini. Alikuwa na njia yake kati ya dirisha na meza, hatua saba kwenda, saba kurudi, na mfagiaji akamwambia kwamba ameanza kuilainisha sakafu. Nyumbani alitia chumvi kwenye uji mara mbili. Kifungo aliunywa, akauliza kama ule ni uji wa baharini.

Tarehe kumi na saba palikuwa peupe kutwa. Tarehe kumi na nane pia. Tofauti ya siku ya kwanza: Bi Harusi aliona maji yana joto zaidi kwa digrii nzima. Siku ya pili: karibu sifuri.

Aliziangalia namba hizo mpaka zikaanza kucheza. Kama Bi Harusi angekuwa anazidisha kila siku kwa kiasi kimoja, kama mizani ya chaza, mambo yangekuwa mepesi. Lakini uongo usio na desturi utaukata vipi?

Jumamosi alikwenda ghubani na Kifungo. Mama mkwe alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni, akigeuza vikapu vilivyoning'inia kwenye kamba, kofia imempanda kisogoni. Alikuwa ameshaipata barua ya kamati. Ilikuwa imekunjwa ndani ya kofia hiyo hiyo isilowe.

"Karibu, mkwe," alisema. "Umekuja kuniaga au kunihamisha?"

"Mama, usinitanie, roho yangu haina pa kukaa."

"Basi iazime hiki kikapu ikalie. Nimesimama kwenye maji haya miaka ishirini na sita. Leo chombo kilichoko mbinguni kiniambie nimechemshwa nisijue?"

Mama Kifungo alimweleza yote: Kikongwe, Bi Harusi, siku mbili peupe, namba zisizoelewana. Mama mkwe aliendelea kugeuza vikapu. Alipofika kikapu cha mwisho aliuliza, "Huyo mzee anapita saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Na mke mdogo?"

"Saa nane mchana."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika kamba. "Mwanangu, maji ya saa nane si maji ya saa nne. Saa nane, jua likiwa kali na upepo umelala, juu ya maji ni chai. Teremsha mkono mpaka kiwiko, ni maji ya mtungi. Upepo ukivuma, yanachanganyika, hakuna chai. Chaza wangu wako chini huko, hawajui hata hiyo chai iko. Siku yako ya kwanza ilikuwa na upepo?"

"Sijui."

"Mimi najua. Tarehe kumi na saba hata kofia yangu haikutikisika. Tarehe kumi na nane iliniponyoka nikaifukuza na vikapu vyangu vyote."

Mama Kifungo alimnyakua Kifungo, akambusu bibi yake mtoto shavuni penye chumvi, akaondoka karibu kukimbia.

"Hata chai hunywi?" mama mkwe alipiga kelele nyuma yake.

Jumatatu aliomba kumbukumbu za upepo kutoka kituo cha hali ya hewa, akaziweka kando ya namba zake. Siku mbili hazithibitishi kitu. Alihitaji zaidi, na siku zilikuwa zinayoyoma kama barafu mkononi. Tarehe ishirini na mbili, peupe, upepo mwanana: tofauti nukta tano. Tarehe ishirini na tatu boliti moja ililegea, dishi likainamisha shingo, wakapoteza siku. Fundi Dishi alipanda akiwa na kijiko chake cha chakula cha mchana bado mfukoni, akalikaza, akakaa kando yake siku iliyofuata kama mtu anayelinda mgonjwa. Tarehe ishirini na sita, shwari kabisa: digrii moja kasoro kidogo. Halafu mawingu tena.

Tarehe ishirini na nane, siku ya mwisho, Mkuu alikuja mwenyewe kwenye meza ya ramani. Alisimama nyuma ya kiti, kalamu imetulia. Saa nne ikafika. Picha ikaanza kushuka, mstari kwa mstari, na ghuba ilikuwa peupe, na upepo nje ulikuwa unapiga madirisha. Katikati ya mstari mmoja Kikongwe akakatika. Kioo kikawa cheusi.

"Amekwisha?" Mkuu aliuliza.

"Amekwisha. Lakini ghuba ameshaipita."

Fundi Dishi, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia, kisha akaona haya akaivaa tena. Saa nane Bi Harusi akapita. Tofauti: karibu sifuri. Siku ya upepo.

Siku tano tu, lakini zilipanga foleni. Palipokuwa na utulivu Bi Harusi alipima chai. Palipokuwa na upepo alikubaliana na mzee wake. Mama Kifungo alirudi kwenye miezi yote kumi na minne, akaondoa chai ya kila siku kwa kadiri ya upepo wake, akaushona mstari upya. Ule mruko ulilala chini. Haukulala wote. Mkuu alizisoma kurasa mara mbili, akaichukua ramani yake nyekundu, akaipiga mstari kona hadi kona kwa kalamu ile ile.

Kamatini mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliuliza, "Kwa hiyo bahari haikupata joto?"

"Imepata," Mama Kifungo alijibu. "Nukta mbili ya digrii, kwa miaka ishirini na mitatu. Inapanda polepole na tusiache kuitazama. Wakulima washushe kamba zao chini kidogo. Lakini haikuruka. Iliyoruka ni saa ya kupimia."

"Na nani aliamua chombo cha zamani kisipokelewe tena kabla ya kulinganishwa na kipya?"

Mama Kifungo alifungua mdomo. Mkuu alimtangulia. "Barua niliitia sahihi mimi."

Mashamba hayakufungwa. Jioni ile mama mkwe alikuja na kikapu, akala, akatania kila mtu, akalala kwenye kiti kabla ya sahani kuondolewa. Baba Kifungo alikuwa ametengeneza kibao kidogo cha mbao chenye nafasi mbili. Mizani ya kioo ilikaa upande mmoja, ya chaza upande wa pili, na hakuna aliyetaja tena siku ya taka. Mama Kifungo alichukua penseli. Nyuma ya mlango, kwa alama ya thelathini na mbili, aliandika namba mbili, moja kando ya nyingine, na kati yake tofauti yao.

Mbacha ni mkeka uliochakaa, na mwenye nao huuona kila siku hadi akaacha kuuona. Msala upitao hung'aa, nao ni mzuri kweli. Hakuna aliyesema si mzuri. Lakini aliyeutupa wa kwanza ili apokee wa pili hubaki hana cha kuulinganisha nacho, na anaweza kuzihamisha familia arobaini kwa sababu ya jua la mchana. Ndiyo maana ikasemwa, na ghuba ile ni shahidi: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kifungo alishuka kwenye kioo, akapanda kwenye springi, kri, akatazama namba zote mbili mlangoni ambazo bado hajui kuzisoma.

"Mama," alisema, "mimi ni yule yule."